Kengele, King'ora na Simu: Sala Inakaa Wapi Makomeno?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Makomeno, mtaa wetu wa Lubumbashi, bado ni giza. Jirani yangu ameshatoa mbabula nje, amepanga makala, anapepea kwa kipande cha katoni. Midomo yake inakwenda. Rozari hana mkononi, maana mikono ina kazi. Anahesabu kwa vidole. Kidole kimoja, Salamu Maria moja. Mikono miwili ikiisha, fungu moja limekwisha, na mara nyingi makala nayo yameshika. Anabandika sufuria ya chai, anaanza fungu la pili.

Siku moja nilimwuliza kwa nini hangoji amalize kazi za asubuhi, akakaa chini, akasali kwa utulivu. Alinijibu bila kusimamisha mkono: "Papa, nikingojea nitulie, siku itaisha sijamusalimia Mungu."

Jibu hilo limenikaa. Mapadri, makatekista na wazazi wa Lubumbashi wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi: Mkatoliki wa mji wa leo, mwenye foleni, mkopo, simu isiyonyamaza na umeme usiotabirika, atasalije? Majibu matatu husikika zaidi. Wa kwanza wanasema watu hawana muda. Wa pili wanasema simu imeharibu mioyo. Wa tatu wanasema makanisa ya uamsho yamewachukua waumini wetu kwa kelele na ahadi. Yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini hakuna linalofika kwenye mzizi. Nikiangalia miaka mia moja na zaidi ya sala ya Kikatoliki katika mji huu, naona jambo jingine: sala ya kila siku haikufa watu walipokosa muda. Ilidhoofika kila mara mtu alipoachwa asali peke yake, na kila mara sala ilipotengwa na kazi ya mikono yake. Ilipopata mwenzi na kushikamana na kazi, ilisimama hata katika njaa.

Kengele na king'ora

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa miaka minne kabla, 1906. Na mwaka huohuo wa 1910 eneo la Katanga lilikabidhiwa kwa Wabenediktini wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges, Ubelgiji. Kiongozi wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye akawa askofu na akabaki na mamlaka ya Kanisa hapa hadi alipofariki mwaka 1958. Wasalesiani nao walifika 1911, wakaanzisha shule. Reli, kampuni na misheni, basi, vilikuja karibu kwa pumzi moja.

Ni vema kukumbuka kwamba waliotuletea sala ya Kikatoliki walikuwa Wabenediktini, kwa sababu hakuna watawa waliofikiri sana juu ya sala na kazi kama wao. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kwa heshima ileile ya vyombo vya altare. Wazo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Maana yake ni kwamba koleo na kalisi havitengani. Kwamba anayefua, anayepika na anayechimba wako mbele ya Mungu sawa na anayeimba Masifu.

Lakini katika kambi za shaba wazo hilo lilikatwa vipande viwili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwakalisha wafanyakazi mjini pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, hospitali na mposho wa unga. Misheni ikapewa shule na makanisa ya kambi. Kengele ilimwita mtu kwenye misa, king'ora kikamwita kwenye zamu, na mtoto alijifunza kuvitii vyote viwili kabla hajajua kusoma. Hatari ilikuwa hapo: sala ikafanana na nidhamu ya kampuni. Mtu alikariri katekisimu, akasali Malaika wa Bwana mara tatu kwa siku, akaenda misa Jumapili, lakini hakuna aliyemwuliza ana nini moyoni anaposhuka kazini. Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipopigwa risasi uwanjani hapa Elisabethville, wakafa makumi, ilidhihirika kwamba pengo kati ya kengele na king'ora lilikuwa pengo la damu.

Sisemi haya ili kuwadharau waliotufundisha Baba Yetu. Walitupa kitu ambacho bado kinatutegemeza: saa. Wazo kwamba siku ina milango, asubuhi, adhuhuri na jioni, na kwamba kila mlango una sala yake, limeingia katika damu ya mji. Bibi wengi wa Lubumbashi hadi leo husimama kidogo saa sita mchana bila kujua vizuri ni nani aliyewazoesha. Ila saa peke yake haitoshi. Saa ni kibuyu. Lazima pawe na mtu wa kukijaza maji.

Watu waliokutana: uzima, uzazi, mapendo

Aliyeuliza swali lililokosekana alikuwa Mfransisko, Placide Tempels. Alifika Katanga mwaka 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa hapahapa Elisabethville mwaka 1945, na kimejadiliwa na kupingwa na wanafalsafa wa Afrika tangu siku hiyo. Kwa habari ya sala, hata hivyo, kazi yake kubwa haikuwa kitabu. Ilikuwa mazungumzo aliyoyaanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Kolwezi, pamoja na wafanyakazi wa mgodi na wake zao. Badala ya kuwafundisha kwanza, aliwauliza mtu anatamani nini kuliko vyote. Majibu yalikusanyika katika maneno matatu ya Kiswahili chetu cha Katanga: uzima, uzazi, mapendo.

Kutokana na mazungumzo hayo ikazaliwa Jamaa. Jina lenyewe lilisema yote. Haikuwa chama cha wanaume wala cha wanawake. Mlango wake ulikuwa ndoa. Mume na mke waliingia pamoja, wakapitia mafundisho hatua kwa hatua, wakaongozwa na baba na mama waliowatangulia, na padri mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokutana. Walisali kwa kusimuliana maisha yao mbele ya Mungu: tuligombana vipi, tulisameheana vipi, tunawapendaje jirani. Mtu aliyekuwa namba katika daftari la kampuni akawa baba katika Jamaa. Mwanamke ambaye padri alikuwa amezoea kumsikia kwenye kitubio tu akawa mwalimu wa imani.

Jamaa ilienea katika miji ya shaba, ikafika Elisabethville, ikavutia wachunguzi. Johannes Fabian alichapa utafiti wake juu yake mwaka 1971. Tempels alikuwa amerudi Ubelgiji mwaka 1962, na alifariki huko 1977. Baada yake mambo yalichanganyika. Makundi mengine yalijifungia katika siri, yakachukua maneno ya mapendo na kuyapindisha, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliyatenga. Funzo la upande huo nalo ni la kweli: sala ya watu wachache wanaojuana sana inaweza kuwa chumba kisicho na dirisha.

Lakini mwenye haki atakiri kwamba Jamaa iligundua jambo ambalo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitamka baadaye, mwaka 1964, ulipofundisha kwamba utakatifu ni wito wa wabatizwa wote, na kwamba familia ni kama kanisa la nyumbani. Wafanyakazi wa Kolwezi walikuwa wameshaanza kuishi hivyo miaka kumi kabla.

Roho ileile ya kusali kama watu wa hapa ilipita pia katika muziki na liturujia. Joseph Kiwele wa Elisabethville alitunga Missa Katanga. Huko Kamina, mwaka 1958, Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Missa Luba. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, ambamo tunaanza kwa kuwaita watakatifu na mababu wenye moyo mnyofu, na ambamo toba huja baada ya kulisikia Neno, ikafuatwa na amani. Mpangilio huo wenyewe ni mafundisho ya sala: kwanza nasikia, ndipo nakiri, ndipo namshika mwenzangu mkono. Mtu akiuchukua nyumbani kwake, anayo sala kamili ya jioni.

Kampuni ilipoondoka

Wazee wa mji husema kampuni ilikuwa baba na mama. Union Minière ilitaifishwa, ikawa Gécamines. Mposho uliendelea, shule ziliendelea. Kisha, mwaka 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshakipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowataja Bana Shaba, watoto wa shaba, kuwa wameachwa na baba yao.

Watu wengi huyasimulia haya kama habari ya uchumi. Mimi nayaona pia kama habari ya sala. Kwa miaka sabini, mtu aliposema "mkate wetu wa kila siku," unga wenyewe ulikuwa unatoka ghalani mwa kampuni, siku iliyojulikana, kwa kipimo kilichojulikana. Ghafla maneno yale yalibaki bila ghala nyuma yake. Baba aliyezoea kurudi na mposho alikaa kwenye kiti ukumbini. Mama alitoka kuuza makala, samaki wakavu, maandazi, mboga za lengalenga. Sala ya nyumba ikahama nayo: aliyetafuta chakula ndiye aliyeanza kuongoza Ishara ya Msalaba mezani. Si baba wote walioweza kulipokea hilo, na kuna nyumba zilizonyamaza kabisa.

Kilichookoa wengi ni shirika. Maaskofu wa Kongo walikuwa wameshaanza mwaka 1961 kuzungumzia jumuiya hai za Kikristo. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele chao katika miaka ya 1970. Tanzania na Kenya wanasema Jumuiya. Sisi huku tunasema shirika: familia za barabara chache zinazokutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao.

Ngoja nieleze jioni moja ya shirika katika mtaa wetu. "Mama, leo shirika iko kwenu," mtu hukumbusha tangu mchana, ili viti viazimwe. Saa kumi na mbili watu wanaingia uani. Viti vya plastiki, benchi moja, mkeka wa watoto. Meza ndogo ina kitambaa cheupe, sanamu ya Bikira Maria, mshumaa. Umeme umekatika, hivyo kijana anamulikia Biblia kwa simu. Injili ya Jumapili ijayo inasomwa kwa Kiswahili, mara mbili, polepole. Halafu kimya. Kimya hicho hakizidi dakika tatu, lakini kwa baadhi ya waliopo ni kimya pekee cha juma zima. Kisha mtu mmoja anasema neno lililomgusa. Mwingine anasema hajalielewa. Baba aliyepoteza kazi, ambaye miezi miwili alikuwa anakuja na kuketi tu, anasema: "Mimi leo nimeguswa na ule aliyekaa sokoni hakuna mutu alimuajiri." Hakuna anayemhubiria. Mwisho wanataja wagonjwa kwa majina, wanapanga nani atapeleka unga kwa mjane, wanatoa mchango, wanasali fungu moja la rozari, wanaagana.

Katika saa moja na nusu hiyo mambo manne ya sala ya Kikristo yamepita: kusikia, kunyamaza, kuomba, kutenda. Hakuna aliyehitaji elimu ya chuo wala nyumba kubwa. Na aliyekuwa hana nguvu ya kusali alibebwa na waliokuwa nayo. Hapo ndipo naona jibu la kwanza la swali letu.

Usiku wa mkesha na mwanga wa simu

Shirika lina mshindani. Usiku wa Ijumaa, kutoka pembe yoyote ya mji, vipaza sauti vya makanisa ya uamsho husikika hadi alfajiri. Wakatoliki wengi huenda huko kwa siri, kisha Jumapili wanarudi kwenye misa. Ni rahisi kuwakemea. Ni vigumu zaidi, na ni bora zaidi, kuwauliza walikwenda kutafuta nini. Walikwenda na ugonjwa usio na jina, ndoa inayovunjika, mtoto asiyepata kazi. Walitaka mtu awawekee mkono kichwani na kuwaita kwa jina lao. Karismatiki Katoliki, iliyoingia Kongo katika miaka ya 1970, imejibu sehemu ya haja hiyo kwa sifa, maombezi na kuabudu Ekaristi, na imewarudisha wengi waliodhani Kanisa lao halijui kulia.

Hata hivyo kuna mstari ambao sala haipaswi kuuvuka. Sala inapogeuka mkataba, nitoe kiasi hiki nipate kiasi kile, Mungu anakuwa kampuni mpya inayogawa mposho, na mposho ukichelewa mtu anatafuta wa kumlaumu. Mara nyingi anayelaumiwa ni mdogo asiye na sauti. Katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, baadhi yao baada ya maombi yaliyodai kufunua siri. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Mkristo asingehitaji sheria hiyo. Sala inayomtoa mtoto nje usiku imeshamsahau yule aliyemweka mtoto katikati ya mitume.

Na simu? Kuanzia Machi 2020 hadi Agosti makanisa yalifungwa kwa sababu ya Covid-19, na wengi wetu tuliingia katika sala ya simu kwa mara ya kwanza. Misa ilikuja kwenye kioo kidogo kilichoegemezwa kwenye chupa ya maji. Vikundi vya WhatsApp viligawana mafungu ya rozari: fulani Goma, fulani Lubumbashi, fulani Brussels, kila mmoja akirekodi lake. Familia iliyotawanyika ilisali pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Hilo ni jema na lisidharauliwe. Mkwe aliyeko ughaibuni anayemwamsha mama mkwe wake saa kumi na mbili kwa sauti ya Malaika wa Bwana ameifanya simu kuwa kengele.

Ubaya wake haumo katika kioo. Ni kwamba simu hutupa sala nyingi na kutunyima kimya. Mtu anapokea asubuhi novena nne, picha tano za Moyo Mtakatifu, na onyo kwamba asipotuma kwa watu kumi atapata balaa. Anatuma, anaamini amesali. Ule ni woga uliovaa kanzu. Novena ya kweli ina siku tisa, haina vitisho. Kipimo changu ni chepesi: sala ya simu ikiisha, je, ninaweza kukaa dakika tano bila kuishika? Nikishindwa, sikusali, nilisoma habari zenye sura ya sala.

Kwa waliobanwa kabisa na mji, mapokeo yetu yana hazina ambayo haitumiki vya kutosha: uchunguzi wa siku aliotuachia Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Ni robo saa kabla ya kulala. Mtu anashukuru, anaipitia siku yake saa kwa saa, anaona wapi alimkuta Mungu na wapi alimpita, anaomba msamaha, anaitazama kesho. Manseba aliyebeba abiria kutwa nzima juu ya pikipiki yake anaweza kuifanya akiwa amelala chali. Haihitaji kitabu wala umeme. Na inaunganisha tena kile kilichokatwa kambini: kazi ya mchana inakuwa ndiyo maneno ya sala ya usiku.

Sala inayoingia ofisini

Mtu anaweza kusema: haya yote ni mazuri nyumbani, lakini nchi inaliwa. Sala ya kila siku inafaa nini mbele ya matabishi, yaani rushwa, barabarani, hati inayokaa mezani hadi ulipe, madini yanayopita malorini huku mtaa hauna maji? Swali hili ni la haki, na Mkatoliki asilikwepe.

Lubumbashi ina jibu lake la zamani. Mwaka 1976, katika Kwaresima, Askofu Mkuu Eugène Kabanga aliandika barua ya kichungaji yenye jina lililomaanisha "Mimi ni mtu," akikemea ufisadi na tamaa ya fedha iliyokuwa inawala watu, wakati ambapo kusema hivyo chini ya Mobutu kulikuwa hatari. Tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa walipoandamana kudai Kongamano la Taifa lifunguliwe tena, walitoka na rozari, misalaba na nyimbo, wakapigwa risasi. Desemba 31, 2017, walei walitoka tena baada ya misa, na tena damu ilimwagika. Waliotoka siku hizo hawakuacha kusali ili wafanye siasa. Rozari ilikuwa mkononi mwao, kama vile sala ilivyo kwenye mbabula ya jirani yangu.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu ya kila siku, hata hivyo, ni kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Jioni alikuwa na ndugu zake wa jumuiya ya Sant'Egidio, wakisali pamoja na kuwahudumia watoto wa mitaani. Mwaka 2007 aliletewa fedha ili apitishe vyakula vilivyoharibika. Alikataa. Alitekwa nyara na kuuawa Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Angalia jinsi maisha yake yalivyopangika. Hakuwa mtawa wala padri. Alikuwa na dawati, mhuri na mshahara, kama maelfu ya watu wanaopita barabara za Lubumbashi asubuhi. Alikuwa pia na watu wa kusali nao jioni, na watoto wa mitaani waliomkumbusha ni nani atakayekula chakula kile. Siku ya kujaribiwa ilipofika hakulazimika kutafuta imani yake ilipo. Ilikuwa imeshazoea kuingia naye ofisini. Tukitaka kujua kama sala yetu ya asubuhi ni hai, tusiangalie machozi yaliyotutoka. Tuangalie mhuri tulioutumia saa nne.

Tufanye nini

Kwanza, tuache kumwambia Mkristo wa mjini atafute muda. Hana, na kumwambia hivyo kunamwongezea hatia tu. Tumwambie aifunge sala moja kwenye kazi moja ambayo ataifanya kwa vyovyote: kuwasha moto, kufunga duka, kupanda basi, kumlaza mtoto. Kazi ikija, sala itakuja nayo.

Pili, kila mmoja awe na mwenzi wa sala aliye hai, mwenye jina: mke, mume, mtoto, jirani, mwenzake wa ofisini. Parokia zetu zina kwaya kubwa na sherehe nzuri. Naomba zihesabu pia nyumba ambazo hakuna hata mtu mmoja wa kumwitikia mwenzake Salamu Maria. Mzee anayeishi peke yake, mwanafunzi wa chumba cha kupanga, mlinzi wa usiku: hao ndio shirika linapaswa kuwafikia kwanza. Mompere, yaani padri, hawezi kufika kila nyumba. Jirani anaweza.

Tatu, tukilinde kimya. Dakika tatu za shirika zisiliwe na matangazo. Nyumba iwe na wakati mmoja ambao redio, televisheni na simu zote zinapumzika, hata kama ni robo saa tu.

Nne, tuwafundishe watoto kusali na kazi zao mikononi, kwa sababu ndivyo watakavyoishi. Mtoto anayejua kusali akikunja magoti tu atadhani Mungu anakaa mahali ambapo hakuna kazi, na mji wetu hauna mahali pa namna hiyo.

Jirani yangu hakusoma Kanuni ya Benedikto wala vitabu juu ya Jamaa. Lakini juma lililopita nilitoka mapema kuliko kawaida, nikasikia jambo ambalo miezi yote sikuwa nimelisikia. Alikuwa anapepea mbabula, akisema nusu ya kwanza ya Salamu Maria kwa sauti ya chini, kisha akinyamaza. Kutoka dirishani, ndani ya giza, sauti ya binti yake wa miaka tisa, nzito kwa usingizi, ilikuwa inamwitikia nusu ya pili. Kumbe tangu zamani hakuwa anahesabu peke yake.